Karakana si Mlango: Programu za Kuvunja Nywila na Mifumo Endeshi

Swali huja kwa sura ileile kila mara, aulize mwanafunzi wa chuo au fundi wa kompyuta wa Kariakoo: "Mkuu, ipi ya kuvunja nywila inayokubali Windows?" Linaonekana swali moja, na wengi hulijibu kama swali moja kwa kutaja jina la programu. Kumbe ni mawili yaliyolala chini ya shuka moja. La kwanza: programu yenyewe inaendeshwa kwenye kompyuta ya aina gani? La pili: inaweza kuvunja nywila zilizotunzwa na mfumo gani? Majibu yake mara nyingi hayahusiani kabisa, na mkanganyiko mwingi wa somo hili unaanzia hapo.

Chukua mfano wa fundi wa makufuli. Mteja anamletea kufuli lililong'olewa mlangoni. Fundi analiweka mezani, anajaribu funguo moja baada ya nyingine. Karakana yake inaweza kuwa ya mabati au ya matofali. Kufuli halijui wala halijali. Kinachohesabika ni namna kufuli lilivyotengenezwa. Basi katika makala haya kompyuta ya mvunjaji nitaiita karakana, na kompyuta iliyotunza nywila nitaiita mlango.

Mfumo endeshi wenye akili timamu hautunzi nywila yako hata kidogo. Hutunza heshi yake. Fikiria mashine ya kusaga: ukiingiza mahindi unapata unga, na hakuna namna ya kuurudisha unga uwe punje. Lakini nywila ileile ikipita kwenye mashine ileile hutoa unga uleule kila mara, bila tofauti ya chembe. Unapoingia kwenye kompyuta yako, mfumo husaga ulichoandika, kisha hulinganisha na unga uliohifadhiwa. Ukilingana, karibu ndani. Programu ya kuvunja nywila, basi, haivunji kitu. Inaotea neno, inalisaga kwa mashine ya aina ileile, inalinganisha, inaotea tena. Neno "kuotea" lingefaa kuliko "kuvunja", ila kuvunja kumeshazoeleka.

Heshi ni mstari wa herufi na tarakimu tu. Inaingia kwenye flashi, inatumwa kwa barua pepe, inaweza hata kunakiliwa kwa kalamu. Ikishatoka, mlango hauna tena uwezo wa kusema "umekosea mara tatu, rudi baadaye". Tazama PIN ya pesa za simu: tarakimu nne, michanganyiko 10,000, kazi ambayo kompyuta yoyote huimaliza kabla hujapepesa jicho. Hata hivyo PIN hiyo inalinda fedha za mamilioni ya watu Kenya na Tanzania, kwa sababu mwizi hana heshi mkononi. Analazimika kubonyeza palepale mlangoni, na akikosea mara chache huduma inafungwa. Tofauti hii ya kuotea ukiwa mlangoni na kuotea ukiwa karakana ni kubwa kuliko tofauti zote za Windows na Linux ukizijumlisha.

Baba, mwana na mashine ya kusaga

Kabla ya heshi, nywila zilikaa wazi. CTSS, mfumo wa kugawana kompyuta moja kati ya watumiaji wengi uliojengwa chuo cha MIT chini ya Fernando Corbató miaka ya 1960, ulikuwa na faili la nywila la maandishi matupu. Mwaka 1966 mafaili mawili yalibadilishana nafasi kwa bahati mbaya, na kila aliyeingia akasalimiwa na orodha ya nywila za watu wote badala ya tangazo la siku.

Watu wa Unix, mfumo endeshi uliokuwa kigezo cha Linux, walitaka kuepuka aibu ya namna hiyo. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walichapisha makala iliyobaki kuwa mzizi wa somo hili. Mashine yao ya kwanza ya kusaga iliiga chombo cha kijeshi cha usimbaji kiitwacho M-209. Ilikuwa nyepesi mno: kompyuta ya PDP-11/70 iliweza kujaribu nywila moja kwa milisekunde 1.25, yaani 800 kwa sekunde, na kwa macho yao kasi hiyo ilitisha. Wakahamia DES, mbinu nyingine ya usimbaji, wakaizungusha mara 25 kwa kila nywila ili iwe nzito kwa makusudi. Kisha wakatia chumvi.

Chumvi ni kipande cha bahati nasibu kinachochanganywa na nywila kabla ya kusaga. Bila chumvi, watu wawili waliochagua "simba" wana heshi moja. Mvunjaji akisaga "simba" mara moja amewapata wote wawili, na anaweza kusaga kamusi nzima miezi kabla ya kuiba chochote, akaweka unga wake ghalani. Kila mtu akiwa na chumvi yake, ghala hilo halina faida. Lazima asage upya kwa kila mmoja. Chumvi ya Morris na Thompson ilikuwa na namna 4,096. (Katika mazungumzo yetu kutia chumvi ni kuongeza kisichokuwepo ili habari inoge. Hapa pia ni kuongeza kisichokuwepo, ila ni ili mwizi asinogewe.)

Makala hiyohiyo ilikuwa na hesabu ya kuchekesha na kuudhi. Walikusanya nywila 3,289 za watumiaji halisi. Kati ya hizo, 15 zilikuwa herufi moja tu, 72 zilikuwa herufi mbili, 464 tatu. Kwa ujumla 2,831, asilimia 86, zilikuwa fupi mno au zilipatikana kwenye kamusi na orodha za majina. Kufuli zuri, ufunguo wa kijiti cha kiberiti.

Miaka tisa baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, programu ya kujisambaza yenyewe ilikwamisha maelfu ya kompyuta kwenye intaneti changa. Iliandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell na mwana wa Morris yuleyule. Moja ya mbinu zake ilikuwa kusoma faili la nywila la kompyuta iliyoivamia na kuotea: jina la akaunti, jina hilo kinyumenyume, orodha ya maneno 432 iliyobebwa ndani, kisha kamusi ya kompyuta yenyewe. Ilikuja hata na mashine yake ya kusaga, iliyoandikwa upya iwe na kasi kuliko ya mfumo. Ukiuliza ilikubali kompyuta gani, jibu ni mbili tu: VAX na Sun-3, zote zikiendesha Unix ya ukoo wa BSD. Hapo karakana na mlango vilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa programu hiyo ilivunjia nywila ndani ya nyumba iliyoingia. Baba mtu wakati huo alikuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha usalama wa kompyuta cha shirika la ujasusi la NSA.

Programu ya Crack, iliyotolewa na Alec Muffett mwaka 1991, ilikuwa vivyo hivyo: inaendeshwa kwenye Unix, inavunja nywila za Unix, na waliokusudiwa kuitumia ni wasimamizi waliotaka kujua watumishi wao wanachagua nini. Nadhani mazoea ya kuuliza swali moja badala ya mawili yalizaliwa zama hizo. Karakana na mlango vilifanana kwa miaka mingi hadi watu wakadhani lazima vifanane.

Kufuli lililokatwa vipande viwili

Windows NT ilipotoka mwaka 1993 ilibeba mzigo wa urithi. Ili ielewane na kompyuta za zamani za LAN Manager, mfumo wa mtandao wa Microsoft uliotangulia, ilitunza heshi mbili kwa kila mtu, mpya na ya kale. Ile ya kale, LM, inastahili kuchambuliwa taratibu, maana sijui kufuli jingine lililotumika dunia nzima likiwa na kasoro nyingi kiasi hicho.

Tuseme nywila yako ni KilimanjaroJuu. Herufi 14, kubwa na ndogo zimechanganyika, unajiona umejitahidi. LM kwanza inageuza zote kuwa kubwa. Haikubali zaidi ya 14. Kisha inakata katikati: KILIMAN upande mmoja, JAROJUU upande mwingine, na kila kipande kinasagwa peke yake, bila chumvi. Mvunjaji hana haja ya kuotea herufi 14. Anaotea saba, halafu saba nyingine, na ugumu wa herufi saba mbili ni mara mbili tu ya ugumu wa saba, wakati herufi 14 nzima zingekuwa ngumu kuliko saba mara mabilioni mengi. Na kama nywila ni ya herufi saba au pungufu, kipande cha pili ni tupu, na utupu husagwa kuwa AAD3B435B51404EE kila mara. Mtu aliyeizoea heshi hiyo humjua mwenye nywila fupi kwa kutupa jicho.

L0phtCrack ilizaliwa mwaka 1997 kwa ajili ya kasoro hii hasa. Waandishi wake walikuwa wa kundi la L0pht la Boston, lililowaambia maseneta wa Marekani mwaka 1998 kwamba lingeweza kuangusha intaneti kwa dakika 30. Programu yao ilikuwa na madirisha na vitufe, iliendeshwa kwenye Windows, ikavunja nywila za Windows. Mwaka 2003 Philippe Oechslin wa chuo cha EPFL, Lausanne, akamalizia msiba. Aliboresha wazo la Martin Hellman la mwaka 1980 la kubadilisha muda kwa nafasi ya kuhifadhia, akajenga majedwali ya unga uliosagwa mapema, gigabaiti 1.4 tu, na kwayo akapata asilimia 99.9 ya nywila za LM zenye herufi na tarakimu kwa wastani wa sekunde 13.6. Ophcrack ilitokana na kazi hiyo, nayo iliendeshwa kwenye Windows na Linux, hata moja kwa moja kutoka kwenye CD. Majedwali hayo yasingefaa kitu mbele ya Unix ya mwaka 1979, kwa sababu ya punje chache za chumvi.

Microsoft iliacha kutunza LM kwa kawaida kuanzia Windows Vista. Iliyobaki ni ile heshi ya pili, NT, inayotumia MD4, algorithimu ya Ron Rivest ya mwaka 1990. Haikatwi vipande wala haigeuzi herufi. Lakini haina chumvi, na ni nyepesi kama pamba. Bado ndiyo inayokaa kwenye faili la SAM la Windows na kwenye hifadhidata za Active Directory maofisini.

Ukoo wa Unix ulikwenda njia nyingine, na ukifungua /etc/shadow, faili la heshi la Linux, utaiona historia hiyo kwenye alama za mwanzo wa kila heshi. $1$ ni ile ya MD5 iliyoandikwa na Poul-Henning Kamp kwa ajili ya FreeBSD mwaka 1994. Yeye mwenyewe alitangaza mwaka 2012 kwamba haifai tena. $2b$ ni bcrypt, ya Niels Provos na David Mazières wa OpenBSD, ambayo msimamizi anaweza kuiongezea uzito kadiri kompyuta zinavyozidi kuwa na kasi. $6$ ni SHA-512 inayozungushwa mara 5,000 kwa kawaida. $y$ ni yescrypt, unayoikuta kwenye Debian 11 na Ubuntu 22.04 kuendelea, iliyobuniwa na Solar Designer. Shika jina hilo, tutakutana nalo tena. Kwa upande wa Apple, tangu toleo la 10.8 nywila ya akaunti husagwa kwa PBKDF2, nayo ni nzito kwa makusudi.

Tofauti za uzito huu zinashangaza zikiwekwa kwenye namba. Kadi moja ya michoro ya RTX 4090, iliyotoka mwishoni mwa 2022, husaga takriban heshi bilioni 288 za NT kwa sekunde. Nywila za herufi nane, ukihesabu alama zote 95 za kibodi ya kawaida, ni kama trilioni 6,634. Gawanya: saa sita na nusu hivi, zote zimekwisha. Kadi hiyohiyo mbele ya bcrypt, tena iliyowekwa kwenye uzito mdogo, husaga takriban 184,000 kwa sekunde, na kazi ileile inageuka kuwa zaidi ya miaka 1,100. Nywila haikubadilika. Karakana haikubadilika. Kilichobadilika ni mlango.

Ndani ya karakana

Sasa tugeuke upande wa pili, ambao ndio watu hudhani ni wa kwanza.

John the Ripper ilitoka mwaka 1996 kwa mkono wa Alexander Peslyak, Mrusi anayejulikana zaidi kama Solar Designer. Naam, ni yuleyule wa yescrypt. Sioni ajabu; aliyetumia miongo akipima udhaifu wa makufuli ya wenzake ana haki ya kutengeneza la kwake. John huendeshwa kwenye Unix ya kila namna, macOS, Windows, DOS, hata BeOS na OpenVMS. Kwa upande wa milango, toleo liitwalo Jumbo linasoma heshi za Windows, Linux na Mac, na kupita hapo: mafaili ya ZIP, RAR, PDF, nyaraka za Office, hifadhi za nywila za KeePass. Kila aina ina kiprogramu chake kidogo kinachochomoa heshi kutoka kwenye faili ili John aifanyie kazi. Waliowahi kufunga taarifa ya fedha kwa nywila kisha wakaisahau wanamjua vizuri.

hashcat ya Jens Steube ilianza mwaka 2009 na ikawa programu huria Desemba 2015. Inaendeshwa Linux, Windows na macOS, na inajua zaidi ya aina 300 za heshi. Nguvu yake ni kadi ya michoro. Kadi iliyotengenezwa kuchora michezo ina maelfu ya vichakataji vidogo vinavyofanya hesabu ileile kwa pamoja, na kusaga heshi ni kazi ya namna hiyohiyo. Ndiyo maana kwenye hashcat swali la mfumo endeshi hugeuka kuwa swali la draiva, programu inayoiunganisha kadi na mfumo: kadi ni ya nani, draiva imekaa sawa, inazungumza CUDA au OpenCL au, kwa kompyuta mpya za Apple, Metal? Desemba 2012 huko Oslo, Jeremi Gosney alionyesha mtambo wa kadi 25 uliosaga heshi za NT bilioni 350 kwa sekunde. Miaka kumi baadaye kadi moja ya dukani ilikuwa inaukaribia.

Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa. Wamesikia kwamba wadukuzi hutumia Kali Linux, basi wanaiweka ndani ya VirtualBox, programu inayoiga kompyuta ndani ya kompyuta, kwenye laptopu yao ya Windows na kuendesha hashcat humo. Kompyuta hiyo ya ndani kwa kawaida haiioni kadi ya michoro. Hashcat inarudi kwenye kichakataji cha kawaida na kutambaa kama kobe. Lau wangeiendesha moja kwa moja kwenye Windows, mfumo wanaoudharau, ingekwenda mbio mara nyingi zaidi. Kali, iliyotolewa Machi 2013 kumrithi BackTrack, haina uchawi. Ni Debian iliyokusanyiwa zana mamia mahali pamoja, zimeshapangwa. Faida yake ni ile ya sanduku la fundi lililojaa, maana nyundo zake ni zilezile za kwingine.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo karakana ina sauti kweli. Kwenye Wi-Fi, kabla ya kuotea lazima kwanza unase mazungumzo mafupi ya kifaa na ruta, na kwa hilo kadi ya Wi-Fi inatakiwa isikilize kila kinachopita hewani. Draiva za Linux huruhusu hilo kwa urahisi, za Windows kwa tabu, ndiyo sababu Aircrack-ng, zana ya kuotea nywila za Wi-Fi, ina makazi yake halisi Linux. Ukishanasa, unaweza kwenda kuotea popote. (Jina la mtandao wenyewe hutumika kama chumvi, kwa hiyo jina la kiwandani alilokuachia fundi wa intaneti ni chumvi ambayo wengine walishaionja.) Mahali pengine ni yescrypt: kwa muda mrefu John aliisoma kwa kuazima mashine ya kusaga ya mfumo anamoendeshwa, hivyo Linux mpya iliweza na Windows haikuweza. Na Windows ina usumbufu wake wa kila siku: kinga yake dhidi ya virusi huzitambua zana hizi na kuzifungia kabla hujazigusa.

Sitakaa sana kwenye zilizobaki. Cain & Abel, ya Windows pekee, ilitoa toleo la mwisho mwaka 2014; ukikuta orodha ya "zana bora za mwaka huu" inayoanza nayo, mwandishi amenakili orodha ya zamani. L0phtCrack ilipita mikononi mwa kampuni kadhaa, ikawa programu huria mwaka 2021. Hydra ni mnyama mwingine kabisa: haigusi heshi, inabisha hodi kwenye huduma iliyo hewani, nywila moja baada ya nyingine, na mlango wenye kufunga baada ya makosa machache unaishinda bila jasho.

Fundi anayebadilisha kufuli

Mteja aliyesahau nywila ya laptopu hampelekei fundi heshi. Anampelekea laptopu. Fundi anachomeka flashi, anawasha, na baada ya dakika tano mteja yuko ndani, anaambiwa "nimeivunja". Hakuvunja. Flashi ile ina Linux ndogo na programu kama chntpw ya Petter Nordahl-Hagen, ambayo inafungua faili la SAM na kufuta heshi au kuandika nyingine. Nywila ya zamani hajaijua na hataijua. Angalia pia mpangilio: karakana ni Linux, mlango ni Windows, na vimekaa ndani ya laptopu moja.

Tofauti ya kubadilisha na kupata si ya maneno matupu. Mafaili yaliyosimbwa kwa EFS ya Windows yamefungwa kwa nywila ya zamani. Ukiifuta kwa nguvu, yanaweza kupotea moja kwa moja. Na kama diski nzima imesimbwa kwa BitLocker, flashi ya fundi haioni faili lolote la kubadilisha. Kompyuta nyingi za sasa zina kichipu kiitwacho TPM, simu za iPhone zina chake, na kazi yake ni kuhakikisha kufuli halichomoki mlangoni. PIN fupi ya Windows inategemea hicho: kichipu chenyewe kinahesabu makosa na kukataa kujibu. Tumerudi kwenye PIN ya pesa za simu, tarakimu nne na mlango mkali.

Je, Kiswahili kinaficha?

Nimewasikia watu wakijivunia kwamba nywila yao ni ya Kiswahili, Mzungu ataijulia wapi. Haijulii, na hana haja. Programu hizi hula orodha za maneno. Maarufu kuliko zote ilitoka kampuni ya RockYou, iliyoibiwa nywila milioni 32 Desemba 2009, zote zikiwa maandishi matupu. Ukiondoa zinazojirudia zilibaki zaidi ya milioni 14, na iliyoongoza ilikuwa 123456. Orodha hiyo huja ndani ya Kali. Kutengeneza ya Kiswahili ni kazi ya jioni moja: chukua Wikipedia ya Kiswahili, ikate neno kwa neno, ongeza majina ya watu, timu na miji.

Kuna utetezi unaosema maneno yetu hubadilika mno kwa viambishi: ninakupenda, nitakupenda, nimekupenda, tunakupenda. John na hashcat zina lugha ndogo ya kanuni inayoelekeza "chukua shina, bandika hiki mbele, kile nyuma, geuza a kuwa @, malizia na mwaka". Iliandikwa kwa ajili ya Kiingereza, lakini sarufi ya Kiswahili, iliyonyooka kama mstari wa reli, inaingia humo vizuri kuliko Kiingereza chenyewe. Simba2024, Yanga1935 na Mungunimwema ni maneno ambayo mvunjaji wa Dar es Salaam angeanza nayo kabla ya chai. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyookotwa kwa bahati nasibu, ni habari nyingine, hata kama yote ni ya Kiswahili na yote yamo kwenye kamusi, kwa sababu sasa mvunjaji hana budi kujaribu michanganyiko.

Sheria nayo haiangalii mfumo endeshi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zinagusa hata kumiliki zana kwa nia ya kutenda kosa. Nia na ruhusa ndivyo vinavyopimwa. Miaka ya 1990 mtaalamu mmoja maarufu wa lugha ya Perl, akifanya kazi ya mkataba Intel huko Oregon, aliendesha Crack dhidi ya nywila za kampuni akidai anataka kuonyesha zilivyo dhaifu. Hakuwa ameruhusiwa kwa maandishi, na mwaka 1995 akatiwa hatiani. Rekodi hiyo ilifutwa mwaka 2007, miaka 12 baadaye.

Nimalizie na mlango mmoja mkongwe. Karibu mwaka 2014 Leah Neukirchen alikuta ndani ya nakala ya kale ya BSD faili la nywila lenye heshi za waasisi wa Unix. Nyingi zilifunguka upesi: ya Dennis Ritchie ilikuwa dmac, ya Brian Kernighan ilikuwa mchezo wa vitufe vya pembeni, /.,/., na koma ya ziada, ya Steve Bourne ilikuwa bourne. Ya Ken Thompson, ZghOT0eRm4U9s, iligoma. Ilikuwa DES ileile ya mizunguko 25 aliyoieleza yeye na Morris, kutoka kwenye kompyuta ambazo leo ni za makumbusho. Oktoba 2019 mtu mmoja aliiwekea hashcat na kadi ya AMD Radeon Vega 64, ikasaga takriban milioni 930 kwa sekunde kwa siku nne na ushei. Ikatoka p/q2-q4!, herufi nane, mwendo wa kwanza wa kitunda kwenye sataranji ulioandikwa kwa namna ya zamani. Thompson, aliyekuwa na umri wa miaka 76, alijibu kwa neno moja: hongera.